Nimeshinda bahati nasibu nisiyoicheza: je, ni riziki?

SWALI: Assalaamu alaykum Shekhe. Mimi ni mjane mwenye madeni. Nimeletewa barua kuwa nimeshinda bahati nasibu, ilhali sijawahi kununua tiketi. Ndani mlikuwa na hundi. Nimeiweka benki na salio limeongezeka. Sasa wananihimiza niwatumie sehemu ya pesa hizo kwa ajili ya "kodi", na nisimwambie mtu. Ustadhi mmoja amenieleza kuwa maadamu sikucheza, si kamari bali ni riziki nisiyoitazamia. Nitoe tu sadaka. Je, ni sawa?

JIBU: Wa alaykumus-salaam. Mama, kabla ya lolote: usiwatumie hata senti, na zilizoingia usiziguse.

Uharamu wa kamari unaujua, sirudii. Kilichonikera ni hiyo fatwa. Maneno anayoyaegemea ustadhi, katika Surat At-Talaq aya ya 2 na 3, yanaahidi riziki mtu asiyoitazamia, lakini hayaanzi na riziki. Yanaanza na "anayemcha Mwenyezi Mungu", na si uchamungu kupokea mali usiyojua imetoka mfuko wa nani. Anasema hukununua tiketi, kwa hiyo si kamari. Vema, lakini asiyenunua tiketi atashindaje? Na ni zawadi gani humtaka anayepewa alipe kwanza? Kodi hulipwa serikalini, halipwi mtu aliyekuandikia barua. Kisha anakuagiza sadaka, kana kwamba sadaka ni sabuni ya kufulia mali ya wizi! Mtume (s.a.w.) amesema Mwenyezi Mungu ni mwema, hapokei ila kilicho chema. Aliyetakiwa kusomewa aya hapa ni ustadhi mwenyewe: Al-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha tuhakikishe kwanza habari anayoileta fasiki.

Sasa ielewe hila. Salio kuongezeka si ushahidi kwamba hundi ni nzima. Mara nyingi benki humwekea mteja pesa kabla haijalipwa na benki iliyotajwa kwenye hundi, na hundi ya kughushi huweza kugundulika baada ya wiki kadhaa. Ikirudi, wewe ndiye utakayedaiwa kiasi chote, na ulichowatumia wao kimeshapotea. Ndiyo sababu ya haraka yao: wanakimbizana na benki. Ndiyo sababu pia watu hawa hupenda kulipwa kwa njia isiyorudisha pesa, kama namba za kadi za zawadi. Nembo ya shirika maarufu juu ya barua haithibitishi kitu, maana mtu yeyote huweza kuinakili. Ila kinachonitia hofu zaidi ni huo usiri. Wanajua karani wa benki au mwanao akisikia tu, biashara yao imekwisha.

Nenda benki leo na barua hiyo, useme unaishuku hundi, kisha utoe taarifa polisi. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua. Ikiwa umeshatuma kitu, sema pia. Aibu ni ya tapeli, si yako. Na atakapokuja mwingine akijiita mwanasheria, akidai ada ili akurudishie kilichopotea, kumbuka kauli ya Mtume kwamba muumini hang'atwi mara mbili kwenye shimo moja.

Ama madeni, At-Tawba aya ya 60 imewatengea wenye madeni fungu lao katika zaka. Mpelekee imamu wa msikiti wako hesabu yake yote. Ukiona haya, mwombe mwanamke unayemwamini akusemee.

Wallahu a'lam.