Dashi hafifu kwenye gari la kimichezo la zamani: pima volti kabla ya kununua balbu

Swali lilikuwa hili: gari la kimichezo la miaka ya 1980, geji hazisomeki usiku, balbu zote zimebadilishwa na mwanga umebaki ule ule. Sasa mwenye gari anataka kuweka LED. Jibu langu ni kwamba asinunue kitu bado. Balbu mpya ikiwaka hafifu kama ya zamani, ujue umeme unapotelea njiani kabla ya kuifikia, na hilo hupimwa kwa multimita (kipima umeme) ya kawaida kabisa.

Ni muhimu kuelewa jinsi balbu ya nyuzi inavyofanya kazi. Mwanga wake haupungui sawasawa na volti, hupungua kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Balbu inayotakiwa kupata volti 13.5 ikipata 12.5, imepoteza karibu robo ya mwanga wake. Ikipata 11.5, zaidi ya asilimia 40 imekwenda, na rangi yenyewe inageuka kuwa ya njano iliyokolea. Volti mbili kupotea kwenye nyaya na swichi zenye umri huo ni jambo la kawaida. Chukua mfano wa balbu nane za wati 3.4: zikiwaka pamoja zinavuta kama ampea 2. Nusu omu tu ya uchafu kwenye njia hiyo inakula volti nzima.

Kupima: washa injini, washa taa ndogo, zungusha kifundo cha mwanga wa dashi hadi mwisho wa juu. Betri isome kati ya 13.8 na 14.4, ikiwa chini ya hapo, shughulikia altaneta kwanza. Kisha pima mambo mawili kwa kutenganisha. Weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya balbu: namba unayoona ni volti zinazopotea upande wa moto. Halafu hasi ya betri hadi hasi ya balbu: hiyo ni hasara ya upande wa ethi, yaani njia ya kurudi hasi kupitia bati la gari. Jumla ya pande zote mbili isizidi nusu volti hivi. Upande wa ethi peke yake, chochote kinachozidi volti 0.1 au 0.2 kinastahili kufuatiliwa.

Balbu iwe mahali pake na inawaka wakati unapima. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukichomoa balbu na kupima kwenye soketi tupu, hakuna mkondo unaopita, kwa hiyo hata mguso uliooza utakuonyesha volti kamili, na utaondoka ukiamini nyaya ni nzima. Kama huwezi kufikia nyuma ya balbu kisanduku cha geji kikiwa ndani ya dashi, kivute mbele, acha plagi zake zikiwa zimechomekwa, na pima kwa ncha nyembamba.

Ukishaona upande upi unapoteza, fuata njia hatua kwa hatua: fyuzi, swichi ya taa, kifundo cha mwanga, plagi ya kisanduku, kisha ule utando wa plastiki wenye njia za shaba nyuma ya geji. Pima kila kituo kutoka betri. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ubovu.

Kwenye magari haya kifundo cha mwanga ndicho mtuhumiwa wa kwanza. Aina ya zamani ni waya wa ukinzani uliosokotwa, na kidole cha shaba kinateleza juu yake. Miaka ikipita bila kuguswa, shaba hupata ukungu, kidole hakigusi vizuri, na hata ukizungusha hadi mwisho kuna ukinzani unaobaki. Jaribio lake: kama kina waya mbili tu, ziunganishe moja kwa moja kwa kipande cha waya chenye fyuzi ya ampea 5. Dashi ikiruka ikang'aa, umempata mhalifu. Lakini tazama mchoro wa umeme wa gari lako kwanza, maana kwenye magari mengi ya Kijapani kifundo kimekaa upande wa ethi, na chenye waya tatu au zaidi mara nyingi kina transista ndani. Hicho usikiunganishe kwa kubahatisha. Cha waya mbili kinaweza kusafishwa: kipulizie dawa ya kusafisha miguso ya umeme, kizungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, na kama njia ya kidole bado ni nyeusi, isugue taratibu kwa msasa laini wa namba 1000 au zaidi.

Kabla ya kufungua kisanduku, toa kichwa cha hasi cha betri. Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, subiri angalau dakika 10 ndipo uanze kufungua skrubu. Usivute kisanduku kwa nguvu: kebo ya spidomita huwa bado imeshika nyuma, na plastiki ya umri huo inavunjika kwa urahisi.

Nyuma yake utaona vishikio vya balbu vinavyofungwa kwa kuzungusha robo mzunguko. Vidole vyao vya shaba hulegea na joto, vikakandamizwa bapa. Vinyanyue kidogo kwa bisibisi ndogo ili vibane tena. Sehemu vinapogusa kwenye utando isafishe kwa kifutio cha penseli, kisha pamba yenye pombe ya isopropili. Msasa usiuguse hapo, kwa sababu shaba ya utando ni nyembamba mno na ikichubuka haina marekebisho mazuri. Ethi ya kisanduku mara nyingi ni skrubu moja inayobana kwenye bati la gari. Ifungue, sugua bati mpaka ling'ae, paka grisi kidogo baada ya kufunga.

Ukiwa ndani, tazama rangi ya kuta za kisanduku. Kiwandani zilipakwa nyeupe ili zirudishe mwanga kwenye uso wa geji. Zikigeuka manjano au kahawia, zinameza mwanga ambao umeupigania kwenye nyaya. Zipake rangi nyeupe isiyong'aa inayostahimili joto, tabaka mbili nyembamba. Wapo wanaobandika karatasi ya alumini badala yake. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo, kwa sababu alumini inapitisha umeme na ikibanduka juu ya utando italeta shoti. Angalia pia vile vikofia vya rangi au vichujio vya plastiki: vikipauka au kuungua katikati, vibadilishe.

Na tafadhali, usiweke balbu kubwa kuliko ya kiwandani. W3W (ya wati 3) na W5W (ya wati 5) zinaingia soketi moja, na ya pili inatoa lumeni 50 dhidi ya 22. Inavutia, lakini joto lake linayeyusha kishikio na kuchoma uso wa geji, ambao kwa magari haya kuupata ni kazi.

Sasa LED. Zikija baada ya njia ya umeme kurekebishwa, zina faida ya kweli: joto kidogo na mkondo mdogo. Chagua zinazotupa mwanga pembeni, maana zinazomulika mbele tu huacha madoa ya giza kati ya namba. Isipowaka, izungushe upande wa pili, kwa kuwa LED ina chanya na hasi. Kifundo cha waya wa ukinzani kitashindwa kuzipunguza vizuri, maana mkondo wa LED ni mdogo mno. Kichujio cha buluu kinachotoa kijani kwa balbu ya nyuzi kitatoa buluu kwa LED nyeupe. Na taa ya onyo ya chaji iache na balbu yake ya asili: kwenye magari mengi ya zamani mkondo unaopita humo ndio unaoamsha altaneta.

Wenye dashi za tarakimu wana hesabu nyingine. Skrini za LCD zinazomulikwa na balbu kutoka nyuma, kama zile za Chevrolet Corvette C4 za 1984 hadi 1989, huharibika kwa joto utando wa kupolaraisi, ule unaochuja mwanga ili tarakimu zionekane, zikabaki na mabaka ya kahawia. Utando hubadilishwa: ubandue kwa kibanduo cha plastiki, futa gundi inayobaki kwa pombe huku ukiepuka kingo za kioo, na kabla ya kukata mpya, uzungushe juu ya kioo skrini ikiwa na umeme mpaka tarakimu zitokee zilivyokuwa. Ukishatoa wa zamani tarakimu zitatoweka machoni. Hiyo ni kawaida. Madoa meusi yanayosambaa kama wino ni uvujaji wa ndani, na hayo hayatibiki.

Skrini za VFD, zile zinazong'aa zenyewe kwa kijani-buluu, zikififia zote kwa pamoja kagua kapasita za elektroliti kwenye bodi ya umeme wake. Weka za mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, za nyuzi joto 105, na uheshimu mstari wa hasi uliochorwa ubavuni mwake. Lehemu upya miguu ya plagi ambayo lehemu yake imepasuka. Kama ni hafifu mchana lakini usiku haibadiliki, pima waya wa ishara ya taa ndogo: ukiwa na moto muda wote, skrini inadhani ni usiku na inajipunguza yenyewe. Zikififia tarakimu chache tu, zile zinazowaka muda mwingi, unga unaotoa mwanga ndani yake (phosphor) umechakaa, na hapo dawa ni skrini nyingine.

Kabla ya kurudisha skrubu, chomeka plagi zote, rudisha betri, na jaribu kila balbu na kila taa ya onyo kisanduku kikiwa bado mkononi.