Maswali na majibu: Merikebu iliyopiga mizinga mezani

Tulipogusia hazina za watawala wa Ulaya wa karne ya 16 na 17, yaani makusanyo yao ya zana, saa na vitu adimu, maswali yalimiminika. Najibu manne.

Vyombo vile walivitumia, au vilikuwa vya kuwakoga wageni tu?

Yote mawili. Augustus, mtawala wa Saxony huko Ujerumani, aliyeanzisha hazina yake Dresden mwaka 1560, alishika zana mwenyewe. Orodha ya mwaka 1587, alipokwisha kufa, ina vitu karibu 10,000. Zaidi ya 7,000 ni zana, zikiwemo za useremala na za kupima ardhi. Alikuwa na kipima-mwendo cha kufunga kwenye gari la farasi, apime njia za nchi yake akiwa safarini. Mtawala anayetoza kodi na mwenye migodi ya madini ya fedha hana budi kujua mpaka wake unaishia wapi.

Eti kulikuwa na meli iliyopiga mizinga juu ya meza. Kweli?

Kweli kabisa, na mimi hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Aliitengeneza Hans Schlottheim, fundi saa wa Augsburg, mnamo 1585, na leo imo British Museum, London. Kimo chake ni kama mita moja, nayo imepakwa dhahabu. Ukishaikaza springi, kinanda kidogo kinalia tumboni mwake, na merikebu inaanza kubingirika kwa magurudumu katikati ya sahani za karamu. Sitahani, vijitu vinapita mbele ya kaisari aliyeketi kwenye kiti chake cha enzi. Juu ya milingoti, mabaharia wanagonga kengele kutaja saa. Kisha inasimama, mzinga wa mbele unalipuka wenyewe na kuwasha utambi, na mingine inafuatia. Hebu fikiria uko na kijiko mdomoni! Na ni saa: uso wake wa kusomea uko chini ya mlingoti mkubwa, mdogo kiasi cha kutoonekana upesi.

Darubini ya Galileo bado ipo?

Za mnajimu huyo wa Italia zipo mbili, mjini Florence. Ila lenzi aliyoonea miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita), Januari 1610, imepasuka. Miezi hiyo aliipa jina la ukoo wa Medici, watawala wa Florence, na mwaka huohuo akapata kazi kwao. Mwaka 1677 lenzi hiyo mbovu ilitiwa kwenye fremu ya pembe ya ndovu, kama masalia ya mtakatifu.

Katika hazina hizo kulikuwa na chochote cha bahari yetu?

Kaisari Rudolf II, aliyekaa Prague, alikuwa na birika la mwaka 1602 lililotengenezwa kwa nusu ya nazi kubwa ya Shelisheli. Nazi hizo ziliokotwa zikielea Bahari ya Hindi, na watu wakaamini mti wake unaota chini ya maji. Mnazi wenyewe haukujulikana hadi miaka ya 1760. Ndiyo maana sonara aliweka Neptuni, mungu wa bahari, juu ya kifuniko.