Triga ya Drili Ikiungua, Usikimbilie Betri

Mwaka jana nilikuwa na drili tatu za betri, na zote tatu wagonjwa. Ukibonyeza, kimya. Ukibonyeza kwa nguvu, inakohoa. Ukiigongagonga kiganjani inazunguka kidogo, halafu inazima tena. Hapa Lamu chumvi haichagui; drili ikishinda kwenye majahazi Matondoni msimu mmoja wa kusi, ukiifungua utadhani imeokotwa baharini.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la wengi: nilinunua betri mpya, kwa bei inayokaribia ya drili nzima, na ugonjwa ukabaki pale pale. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, chukua testa. Drili ikiwa inatoboa, pima voti kwenye ncha za betri, halafu kwenye ncha za mota. Betri yangu ilisoma 12 na mota ikapata 10 tu. Hizo mbili zimeliwa njiani, na aliyezila ni triga, yaani swichi unayoibonyeza kwa kidole.

Niliifungua juu ya gazeti barazani. Ndani mna vipande viwili vya shaba vinavyogusana ukibonyeza, sisi mafundi twaviita pointi. Kimoja kilikuwa cheusi tii, kimechimbika kama ubao ulioliwa na mchwa, na pembeni kimeota ukijani. Kila ukiachia triga, cheche huruka hapo. Umeme wa ukutani hushuka hadi sufuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hufa upesi. Wa betri haushuki, na mota nayo haikubali kukatwa ghafla, basi cheche hunyooka na kula shaba. Masizi yakijaa, njia inakuwa ngumu. Hesabu ni hii: mkondo wa ampea 20 ukipita kwenye ukinzani wa omu 0.1, unapoteza voti 2 na kuzaa joto la wati 40. Hiyo ni pasi ya solda, imefichwa ndani ya mpini ulioushika.

Nilisugua kwa msasa. Ikafanya kazi wiki mbili.

Dawa nilipewa na mpwa wangu aliyeko Uingereza, ambaye wikendi zake huzimalizia kwenye easofti, ule mchezo wa bunduki za betri zinazorusha punje za plastiki za milimita 6. Nikamtumia picha ya triga. Akanijibu, "Mjomba, huo ugonjwa twaujua sisi." Bunduki zao nazo zina mota ndogo na pointi nyuma ya triga. Wachezaji walipohama kutoka betri za voti 7.4 kwenda za 11.1, pointi zikawa zinaungua kwa kasi. Wakaweka mosfeti, yaani transista, swichi isiyo na pointi, inayobeba mkondo wote, na triga ikabaki kutoa amri tu. Siku hizi wengine wameondoa pointi kabisa. Kidole kinakata mwale wa mwanga, na kompyuta ndogo inahesabu meno ya gia ijue wapi pa kusimamisha mota. (Ukiuliza kama nawe uagize bunduki hiyo: Lamu hii? Kitu chenye sura ya bunduki mkononi mwako si mchezo. Mimi nilitaka ule ubao mdogo wenye mosfeti tu.)

Ubao ukaletwa na jamaa aliyekuja Maulidi. Betri yao ya 11.1 ni seli tatu za lithiamu, na drili yangu ya voti 12 ni seli tatu hizo hizo, zikijaa ni 12.6. Ikakubali mara moja. Mahali pa triga iliyoungua niliweka swichi ndogo ya kubofya niliyoitoa kwenye mlango wa maikrowevu mbovu. Ukienda kuitafuta huko, jihadhari: kapasita ya maikrowevu, kile kipande kinachohifadhi umeme, hubeba zaidi ya voti 2,000, na inaweza kukuua hata kama waya umechomolewa. Mwachie anayeijua.

Nikapata kiburi. Drili ya jirani ni ya voti 18, nikajitengenezea ubao mwenyewe kwa mosfeti ya IRF3205, ambayo ukinzani wake ni omu 0.008, kwa hiyo ampea 20 zile zile zinazaa wati 3 na kidogo tu. Nikalehemu vizuri, nikaweka betri, nikabonyeza. Ikazunguka. Nikaachia. Ikaendelea kuzunguka! "Ndoo uone," namwita jirani, huku nahangaika kuchomoa betri.

Drili ya voti 18 ni seli tano, na zikijaa zinafika voti 21. Mguu wa amri wa mosfeti hiyo, ule unaopokea voti za betri kupitia triga, mwisho wake ni voti 20. Ilitoboka, na mosfeti ikifa mara nyingi hufa imepiga shoti, yaani mashine inawaka bila kidole. Sasa kwa drili za 18 naweka dayodi ya zena ya voti 12, inayozuia voti zisipande zaidi ya hapo, kati ya mguu wa amri na hasi, na rizista ya kilo-omu 1 kabla yake. Rizista nyingine ya kilo-omu 10 inatoka mguu wa amri kwenda hasi kwenye kila drili, maana usipoiweka mguu huo unabaki unaelea, na mota inaweza kuwaka yenyewe.

Dayodi ya kawaida, inayopitisha umeme upande mmoja tu, ya kumeza teke la umeme ambalo mota hurusha ikikatwa, usiikose, lakini usiilehemu kwenye ncha za mota. Drili ina kiswichi cha kurudi nyuma, na ukikigeuza, dayodi hiyo inakuwa shoti. Iweke kabla ya kiswichi hicho, mstari wake ukielekea chanya.

Ukimaliza, ziba dhidi ya chumvi. Silikoni inayonuka siki iache, inakula shaba. Mimi napaka rangi ya kucha isiyo na rangi, mara mbili.

Njia hii ina hasara, nayo ni kwamba mwendo wa polepole unapotea. Drili inakuwa ya kuwaka au kuzima basi. Kwa kutoboa matundu ya misumari ya jahazi inatosha. Kwa kazi ya nakshi ya mlango, agiza triga kamili Mombasa, na usome voti na ampea zilizoandikwa ubavuni kabla ya kulipa.

Na breki nayo inaondoka. Triga ya kiwandani hufunga mota papo hapo ukiachia. Hii yangu inazunguka zunguka kidogo kabla ya kutulia. Nililigundua hilo nilipoishusha pajani nikidhani imesimama, ikaukamata upindo wa kikoi na kuuviringa wote kwenye ncha, mbele ya wateja wawili. Siku hizi nikiingia karakana navaa suruali.