Datsun 240Z inakata nguvu mlimani: kabureta ziacheni kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Datsun 240Z ya 1972, bado ina kabureta zake mbili za Hitachi. Hapa Nakuru mjini inatembea bila shida. Nikipanda kutoka Naivasha kuelekea Limuru, baada ya dakika nne au tano za kukanyaga mafuta, inakohoa, inaishiwa nguvu, mwishowe inazima. Nikiegesha dakika mbili tatu inawaka na kuendelea kama kawaida. Kabureta zimesafishwa mara tatu na plagi ni mpya. Pia nikiizima ikiwa moto sana, baada ya robo saa kuiwasha tena ni kazi. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Kabureta hizo usizifungue mara ya nne.

Sababu ni hii. Katika gari lako kabureta ya mbele inalisha silinda tatu za mbele, na ya nyuma inalisha tatu za nyuma. Kama boya la kabureta moja (linaloelea kwenye bakuli la petroli) lingekuwa limekwama, au sindano yake (inayofungua na kufunga petroli inayoingia bakulini) imeziba, silinda tatu zingekufa na tatu zingebaki. Gari lingetetemeka, lakini lingeendelea kujivuta. Lako linakufa lote kwa pamoja. Basi kasoro iko kabla petroli haijagawanyika: kwenye tanki, bomba, filta au pampu.

Bakuli la kabureta ni akiba ndogo tu. Mjini injini inakunywa kidogo, na hata njia iliyoziba nusu inatosha kulijaza. Mlimani inakunywa kwa kasi kuliko petroli inavyofika, bakuli linakauka, na injini inaanza kukohoa. Ukisimama, linajaa tena polepole. Hizo ndizo dakika zako mbili tatu.

Anza na jambo lisilogharimu kitu. Likianza kukohoa, egesha mara moja na ufungue kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, tanki halipumui. Pampu haiwezi kushindana na hali hiyo. Kagua mipira ya kupumulia tanki. Baada ya zaidi ya miaka 50 mingi huwa imebonyea au imejikunja.

Kama si hilo, mimi ningeshuku kutu ndani ya tanki kuliko kitu kingine chochote. Petroli ikivutwa kwa nguvu, kutu husogea hadi kwenye mdomo wa bomba na kuuziba. Mvuto ukiisha, hudondoka chini. Filta mpya haitakusaidia hapo, maana kizuizi kiko nyuma yake. Injini ikiwa imepoa, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, fungua kifuniko cha tanki, kisha puliza kurudi tankini kwa pampu ya baiskeli. Usitumie kompresa. Gari likipanda vizuri siku moja mbili halafu tatizo likarudi, shusha tanki likasafishwe.

Kagua pia mipira mifupi iliyo karibu na tanki, ambayo mafundi wengi huisahau. Ukiwa na ufa mdogo, mpira wa upande wa kuvuta hauvujishi petroli bali unaingiza hewa, kwa hiyo hutaona tone chini. Weka filta ya plastiki angavu kabla ya pampu na uangalie mapovu.

Pampu yenyewe ipo kwenye kichwa cha injini na inasukumwa na kemshafti, shafti ileile inayofungua vali. Chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli au ikiwa imeongezeka, kiwambo cha pampu, yaani utando wa ndani unaosukuma petroli, kimepasuka. Usiwashe tena gari hadi ubadilishe pampu na oili.

Utashauriwa ufunge pampu ya umeme. Nakusihi usikubali kuifunga kiholela. Kabureta hizi zinataka shinikizo dogo, kama paundi 3 hadi 4 tu kwa inchi ya mraba (psi). Likizidi, sindano inashindwa kuzuia, petroli inamwagika, na chini ya kabureta hizo ndipo ilipo ekzosi, upande uleule wa injini. Nimeona gari likiungua hivyo. Kizima moto kiwe ndani ya gari kila unapofanya vipimo hivi.

Wala asikuambie mtu kwamba gari hili haliwezi milima. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akashinda nalo tena 1973.

Kuhusu gari kusumbua kuwashwa injini ikiwa moto, hilo ni jambo jingine: joto la ekzosi linachemsha petroli na kuimwaga ndani ya injini. Hakikisha bati la kukinga joto chini ya kabureta bado lipo, na mabomba ya petroli hayagusi chuma chenye moto. Ukiwasha, kanyaga aksileta hadi chini, uishikilie hapo bila kupampu, na usiguse choki.