Kabla hujarudi darasani: digrii nyingine au uzamili?

Siku nilipomwambia mamangu kwamba narudi kusomea sheria, aliacha kukuna nazi akanitazama. "Ya pili ushaimaliza, sasa warudi ya kwanza?" Kwetu shahada ya pili ndiyo uzamili, na mimi nilikuwa nao tayari, wa usimamizi wa biashara. Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Wadogo zangu mnaomaliza chuo hapa Mombasa mkijiuliza mwanze digrii nyingine ya kwanza au mwende uzamili, haya ndiyo ambayo ningeambiwa mapema ningeshukuru.

Nilikuwa nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila mgogoro wa mzigo uliotushinda ulipelekwa kwa wakili, nami nikawa natamani kukaa upande ule wa meza. Badala ya kuuliza njia ya kufika huko, nilichukua uzamili kwa sababu ulikuwa wa miaka miwili na jina lake lilikuwa zito. Cheo kilipanda, mshahara ukaongezeka kidogo, lakini mlango niliouotea haukutikisika. Kenya huwi wakili bila digrii ya sheria, kisha Kenya School of Law, pamoja na mitihani na mafunzo chini ya wakili. Uzamili wa biashara haukupunguzii hata hatua moja ya safari hiyo.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza cheti kipi ni kikubwa. Uliza nani anatoa leseni ya kazi unayoitaka, na anadai nini. Sheria, uhandisi, udaktari: huko hutazamwa digrii ya kwanza ya fani yenyewe. Aliyesoma fizikia akaongeza uzamili wa uhandisi bado Bodi ya Wahandisi itamuuliza digrii yake ya uhandisi iko wapi. Kama moyo wako uko huko, rudi mwanzo bila kuona haya. Nje ya fani za namna hiyo, kama takwimu, usimamizi wa miradi au rasilimali watu, sioni sababu ya kumaliza miaka minne mingine. Katika mfumo wa taifa wa sifa za elimu digrii iko ngazi ya 7, uzamili ngazi ya 9. Ukiwa na digrii mbili, bado uko ya 7.

Ualimu wa sekondari una njia ya tatu. Mwenye BA au BSc iliyobeba masomo mawili ya kufundishia, na alama za kidato cha nne zinazotakiwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, huongeza diploma ya uzamili ya ualimu. Nimeona watu wakianza digrii ya ualimu upya bila kulijua hilo, na huniuma.

Niliporudi, ofisa wa udahili aliniambia kwa mdomo kwamba stadi za mawasiliano na masomo mengine ya jumla nitasamehewa, maana niliyasoma zamani. Nikalipa ada. Muhula ulipoanza nikaambiwa nilete muhtasari wa kila somo kutoka chuo cha awali, wenye muhuri. Chuo hakikuwa hata na nakala. Basi saa kumi na mbili jioni, nimetoka kazini na njaa, nikakaa na vijana wa miaka 19 nikifundishwa upya kuandika barua ya kuomba kazi, halafu nikimbilie feri ya kurudi Likoni. Msamaha wa masomo omba kwa barua, ujibiwe kwa barua, ndipo utoe pesa.

Mnaoelekea uzamili nanyi msitulizwe na hiyo miaka miwili. Masomo ya darasani huisha, tasnifu ndiyo huwafunga watu. Rasimu yangu ilikaa kwa msimamizi miezi mitano. Kabla hujachagua chuo, watafute wanafunzi walio mwaka wa tatu wa kozi ya miaka miwili, uwaulize wamekwama wapi.

Mpwa wangu yuko mwaka wa mwisho, anasoma hisabati, na alitaka kuanza digrii nyingine ya uchumi. Juzi tulikaa barazani na karatasi, tukaandika kazi tatu anazozitamani, na chini ya kila moja sifa zilizotajwa kwenye tangazo. Zote zilikubali digrii ya hisabati, na mbili zilisema mwenye uzamili atapewa kipaumbele. Leo asubuhi kaenda chuoni kuchukua muhtasari wa masomo yake, ukiwa na muhuri.