Maswali ya wasomaji: Watoto 60, mwalimu mmoja

SWALI: Nafundisha mwaka wa nne wa msingi huku Kadutu, Bukavu. Nina watoto 60. Tunaambiwa tufundishe kwa umahiri, yaani kwa kile mtoto anachoweza kufanya, na kumfuata kila mtoto kwa kiwango chake, lakini wapo wanaobabaisha silabi na wapo waliokwisha kumaliza kitabu. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, usitayarishe masomo 60. Watoto ni 60, ila viwango vya kusoma ni vinne tu: anayejua herufi, anayesoma maneno, anayesoma aya ya sentensi nne, na anayesoma hadithi fupi na kuijibia maswali. Mwite mmoja mmoja mezani asome, ujue yuko kiwango gani; dakika tatu zinatosha. Ukichukua 12 kwa siku, wiki moja imekwisha. Kisha tenga saa moja kila siku kwa makundi hayo. Saa zilizobaki fuata programu kama kawaida. Pima upya baada ya wiki nne na uwahamishe watoto. Makundi yasipohama, kundi la herufi hugeuka kuwa benchi la "wajinga", na mtoto akishapewa jina hilo huacha kujaribu.

Kwenye hesabu, jihadhari na zoezi refu lenye mnyororo. Tuseme mama ana faranga 10 000, ananunua makopo manne ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani) kwa 1 500 kila moja, halafu analipa nauli ya 2 000. Amebaki na ngapi? Jibu ni 2 000. Lakini mtoto aliyekosea 4 × 1 500 atakosa na yote yanayofuata, nawe utaandika kwamba hajui kutoa, kumbe anajua. Mtaalamu wa Ubelgiji Jean-Marie De Ketele alipendekeza kanuni nzuri hapa: mpe mtoto nafasi tatu zisizotegemeana, na akifaulu mbili, hesabu kwamba ameweza. Basi moja iwe ya sambaza, nyingine ya makala (makaa), ya tatu ya sabuni.

Unaposahihisha, tenganisha mambo mawili: je, amechagua tendo sahihi? Je, amekokotoa sawasawa? Anayejumlisha pale pa kuzidisha hajaielewa hali yenyewe. Mpe vitu halisi avipange, hata mawe. Aliyechagua vema akakosea hesabu anahitaji jedwali la kuzidisha, basi. Ukiwapa wote wawili zoezi lilelile la nyongeza, mmoja wao unampotezea wakati.

Na kabla ya kusema mtoto hajui, msomee swali hilohilo kwa Kiswahili, kwa mdomo. Akilijibu, tatizo ni Kifaransa cha kwenye ubao. Kosa hili tunaliona mno, na linaumiza, kwa sababu mtoto hurudishwa kwenye kujumlisha ilhali hesabu anaiweza.

Kumbukumbu zako ziwe kwenye daftari moja la miraba: majina chini, umahiri juu. Alama tatu zatosha: nukta kwa ambaye bado, mstari kwa anayeweza akisaidiwa, msalaba kwa anayeweza peke yake. Ukimnong'oneza jibu, usiandike msalaba.

SWALI: Mtoto wangu yuko mwaka wa sita, na mwalimu amemweka kundi la aya. Je, hatachelewa kwa mtihani wa taifa?

JIBU: Mama, mtihani wa mwisho wa msingi unaandikwa kwa Kifaransa, na asiyesoma aya hawezi kuelewa swali lenyewe. Saa ile ya kundi ndiyo inayomsogeza, mradi asitolewe kwenye masomo mengine ya mwaka wake. Ukienda shuleni, usiishie kwenye asilimia za buleti, ile ripoti ya alama. Omba kuona daftari la alama, kisha uliza: anaweza nini peke yake, na atapimwa tena siku gani? Nyumbani, dakika kumi za kusoma kwa sauti kila jioni. Akikwama kwenye neno, ngoja kidogo kabla ya kumtajia.