Kabla hujaiamini picha ya buluu

Vijana wanaokuja kujifunza usanifu wa matrela katika karakana yetu ya Vingunguti hufika wakiwa wanazimudu vizuri programu za uigaji: wanajua kuichora chasisi, kuigawa katika meshi (vipande vidogo vya kuhesabia), kuweka mzigo na kubonyeza kitufe cha hesabu ya uchovu wa metali, yaani kupasuka kwa metali kwa mizigo inayojirudia. Kinachokosekana ni mashaka, nami ninawaandikia haya kwa sababu mashaka hayo niliyapata kwa aibu.

Trela la kwanza nililolikokotoa lilitoka kwenye kompyuta likiwa la buluu tupu, yaani kila sehemu ingestahimili mizunguko ya mzigo zaidi ya milioni moja. Baada ya miezi saba ya kupeleka shehena Tunduma kutoka bandarini, lilirudi na ufa wa urefu wa kidole, ulioanzia ukingoni mwa weldi pale bano la springi lilipochomelewa chini ya chasisi. Fundi mkuu alipapaka rangi nyekundu ya kupenya, akasubiri, akaifuta, kisha akapuliza poda nyeupe. Mstari mwekundu ukajitokeza taratibu huku nikitazama. Katika modeli yangu weldi hiyo haikuwapo kabisa, kwani bano na chasisi vilikuwa vimeunganishwa kana kwamba vilisubiwa pamoja.

Nilirudia hesabu. Kwa meshi ya milimita 10, mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo la chuma, kwenye kona ile ulikuwa megapaskali 120. Kwa milimita 5 ukawa 165. Kwa milimita 2.5 ukafika 225, na ungeendelea kupanda kadiri ninavyoigawa, kwa sababu kona kali isiyo na mviringo haina jibu la mwisho kihesabu. Kwa kuwa uhai wa weldi ya chuma hupungua takriban kwa kipeo cha tatu cha mkazo, meshi peke yake ilikuwa imeukata uhai zaidi ya mara sita, ilhali trela ni lile lile. Ndiyo maana mkazo wa ukingoni hausomwi ukingoni: tunausoma kwa umbali wa 0.4 na 1.0 ya unene wa bamba, tunaurefusha mstari hadi ukingoni, kisha tunaulinganisha na grafu zilizotengenezwa kwa ajili ya weldi. Wala usikimbilie chuma chenye nguvu zaidi, kwani dosari ndogo zinazoachwa ukingoni na uchomeleaji hazijali umenunua chuma cha bei gani.

Jambo la pili ni takwimu za metali yenyewe. Chuma cha kawaida kilichomo katika maktaba ya Ansys, mojawapo ya programu hizo za uigaji, kimepewa takwimu za uchovu kutoka kanuni za ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, za matangi ya shinikizo, na maelezo yake yanasema hivyo waziwazi, ila sijamwona mgeni aliyeyasoma kabla ya kuulizwa. Trela letu si tangi, na halifanyi kazi maabara. Linalala karibu na bahari, chumvi inakula rangi, na chuma kinachoshika kutu hupoteza kile kikomo ambacho chini yake tungetarajia kisichoke kamwe.

Kuhusu kujumlisha madhara ya mizigo tofauti, programu nyingi hutumia kanuni ya Palmgren ya 1924 iliyoenezwa na Miner mwaka 1945, ambayo haijali mzigo upi ulitangulia. Shimo moja kubwa la barabarani, trela likiwa limezidishiwa mzigo, linaweza kubadilisha kabisa mwenendo wa ufa, lakini katika jumla ile linahesabiwa sawa hata likija siku ya mwisho. Na hata jumla hiyo inategemea historia ya mzigo uliyoiweka wewe. Kipimo cha mnyumbuko (kifaa kidogo kinachopima jinsi chuma kinavyonyumbuka) kilichobandikwa kwenye chasisi kwa safari moja tu kitakufundisha mengi kuliko wiki nzima ya kukisia matuta.

Zana hizi hata hivyo ninazitumia kila siku, kwa kulinganisha. Ripoti ninayoipokea ni ile inayosema kwamba bano jipya, chini ya mzigo ule ule na kwa meshi ile ile, linakadiriwa kudumu mara nne ya la zamani. Ile inayosema trela litafikisha kilomita 1,240,000 ninairudisha kwa mwandishi wake siku hiyohiyo.